Amri kutoka Mbali

Jego ni kijiji kilicho kusini kabisa mwa Kaunti ya Kwale, jirani na Vanga, karibu na mahali ambapo Mto Umba humwaga maji yake baharini. Mgeni afikaye huko huona mikoko, minazi, mashamba, na njia ziendazo mpakani. Haoni mstari wowote uliochorwa juu ya ardhi. Hata hivyo mstari upo, nao una nguvu kubwa, kwa maana upande mmoja wake ni Kenya na upande wa pili ni Tanzania. Mstari huo haukuchorwa na Wadigo, wala Wavumba, wala Wasegeju, ambao ndugu zao wanaishi pande zote mbili. Ulikubaliwa mwaka 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani, nchi mbili za Ulaya zilizotaka kugawana Afrika ya Mashariki. Zilipatana kwamba mpaka uanze katika mlango wa Mto Umba, uende hadi Ziwa Jipe, upite kaskazini ya Mlima Kilimanjaro, kisha ufike Ziwa Viktoria. Wino ulimwagika huko Ulaya, na nchi ikakatwa huku Vanga.

Jambo kama hilo ndilo tuliitalo amri kutoka mbali. Historia ya pwani yetu yaweza kusomwa kama historia ya amri za namna hiyo: nani aliyeamuru, amri yake ilisafiri kwa njia gani, na nani aliyepaswa kutii. Katika insha hii tutaifuata njia hiyo toka zama za ngoma na siwa hadi chombo kipya cha siku zetu. Chombo hicho ni dirisha la amri lifunguliwalo ndani ya kivinjari cha intaneti, ambalo kwalo mtu mwenye simu au kompyuta ndogo, popote alipo, aweza kuziendesha mashine kubwa zilizo nchi nyingine. Chombo ni kipya, lakini maswali kiletayo ni ya zamani, na kijana wa pwani ana haki ya kuyauliza.

Hapo kale amri ilikwenda kadiri sauti ilivyoweza kwenda. Karibu na Vanga palikuwa na mji wa Vumba Kuu, ambao watawala wake waliitwa Madiwani. Miongoni mwa alama za enzi yao zilikuwamo ngoma na siwa, lile baragumu kubwa lililopigwa katika mambo makuu ya mji. Aliyeisikia siwa alijua kwamba jambo limetoka kwa mwenye enzi. Lakini sauti ya siwa ina mwisho wake, na asiyeisikia hakuamriwa. Nje ya upeo wa sauti mtawala alimhitaji mjumbe, na mjumbe alihitaji miguu au jahazi.

Baharini amri ilitii upepo. Kaskazi ilivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha. Barua iliyokosa msimu ilingoja msimu mwingine. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alikuwa na milki pande zote mbili za bahari, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 akahamishia makao yake Unguja. Sababu zake zilikuwa nyingi, na biashara ilikuwa kubwa kati yake. Lakini tendo lenyewe latufundisha jambo moja: mahali ambapo amri haiwezi kwenda upesi, mwenye kuamuru hana budi kwenda yeye mwenyewe.

Telegrafu ilikuja kuvunja kanuni hiyo. Neno letu simu, ambalo leo latukumbusha chombo cha mfukoni, latokana na lugha ya Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Wazee wetu hawakukosea kulichagua, kwa kuwa kilichowashangaza kwanza kilikuwa waya wenyewe, uliobeba neno chini ya maji bila tanga na bila nahodha.

Yafaa tuone jinsi waya ulivyofika. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana, Afrika ya Kusini. Habari ya vita hiyo ilifika London tarehe 11 Februari, baada ya siku 20, kwa sababu hapakuwa na waya uliofika sehemu hizo. Serikali ya Uingereza ikaona kwamba haiwezi kuongoza vita kwa habari za majuma matatu yaliyopita. Mwaka huo huo waya ukatandazwa baharini kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja kupitia Msumbiji hadi Durban. Katika Unguja kituo chake kiliwekwa katika kisiwa kidogo cha Bawe, kilicho mbele ya mji. Mwaka 1890 waya mwingine ukaunganisha Unguja na Mombasa. Basi pwani yetu ikawa imefungwa na London kwa uzi mwembamba wa shaba.

Nguvu ya uzi huo ilidhihirika mwaka 1896. Tarehe 25 Agosti Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki dunia, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme na kujitangaza kuwa Sultani. Waingereza walimtaka mtu mwingine, Hamoud bin Mohammed. Balozi wao katika Unguja, Basil Cave, alipeleka telegramu London kuuliza kama manowari zilizokuwa bandarini ziruhusiwe kupiga mizinga. Jibu lilirudi upesi, likampa ruhusa ya kufanya alilodhani kuwa la lazima. Khalid alipewa muda hadi saa tatu ya asubuhi tarehe 27 Agosti. Muda ulipokwisha mizinga ilianza kulia, na kabla ya saa moja kupita vita ilikuwa imekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Msomaji aangalie jambo hili kwa makini. Waya haukuwaua watu. Mizinga ndiyo iliyowaua. Lakini waya uliondoa nafasi ambayo zamani ilikuwa kati ya hasira na tendo. Kama swali la Cave lingalikwenda kwa meli, majuma mengi yangalipita, na katika majuma hayo huenda wazee wangalikaa na kusemezana. Tena waya huo ulipita mlangoni mwa watu wa Unguja, nao hawakuwa na amri juu yake. Amri ilishuka kutoka London kuja pwani. Kutoka pwani kwenda London yalipanda maombi na taarifa tu. Hivyo ndivyo njia ya mawasiliano inavyoweza kuwa na milango miwili, mmoja wa mabwana na mmoja wa watumishi.

Mpaka hapa tumesema juu ya amri ambayo mtu humpa mtu. Katika karne ya 20 ilizuka amri ya namna nyingine, ambayo mtu huipa mashine, na ajabu ni kwamba amri hiyo ilianza safari yake juu ya nyaya zile zile za telegrafu. Tarehe 11 Septemba 1940, katika Chuo cha Dartmouth huko Marekani, mtaalamu George Stibitz aliwaonyesha wanahisabati waliokutana hapo taipureta ya telegrafu. Mashine ya kukokotoa hesabu haikuwako chumbani. Ilikuwa mjini New York, mamia ya kilomita kutoka hapo. Hesabu iliandikwa Dartmouth, ikapita katika waya, ikafanywa New York, na jibu likarudi kuchapwa mbele ya macho yao. Kwa mara ya kwanza mashine ya hesabu ilitii mtu aliyekuwa mbali nayo.

Kompyuta za miaka iliyofuata zilikuwa kubwa kama nyumba na ghali kupita kiasi. Kwa hiyo watu walitafuta njia ya kushirikiana mashine moja. Mwezi wa Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT walionyesha mpango ambao kwa huo watu kadhaa, kila mmoja akiwa na taipureta yake, waliitumia kompyuta moja wakati mmoja. Mashine ilimpa kila mtu kipande kidogo cha muda wake, na kwa kuwa ilikwenda kasi sana, kila mmoja alidhani yuko peke yake nayo.

Mtu aliyekaa mbele ya taipureta alihitaji mkalimani wa kupokea maneno yake na kuyafikisha ndani ya mashine. Mfaransa Louis Pouzin, aliyefanya kazi katika chuo hicho kati ya mwaka 1963 na 1965, alibuni mpango wa kazi hiyo, akaupa jina la Kiingereza lenye maana ya ganda. Jina hilo lafahamika vizuri kwa mtu wa pwani aijuaye nazi. Ndani ya kompyuta mna kiini, yaani programu kuu iendeshayo kila kitu. Mtu hakigusi kiini, bali hushika ganda lililokizunguka. Hulisemesha ganda, na ganda hulisemesha kiini. Wataalamu wengine hulitaja ganda hilo kwa jina la sheli, ambalo mwanafunzi asilichanganye na mahali pauzwapo petroli.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara za Bell, walianza kutunga mfumo uitwao Unix, na ganda la mfumo huo ndilo babu wa mengi yatumikayo leo. Amri zake ni fupi mno. Amri ya ls, yenye herufi mbili tu, huorodhesha faili. Amri ya rm huzifuta. Ufupi huo una sababu yake. Taipureta za siku zile zilikwenda polepole, na kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa faida, kama vile zamani mpelekaji wa telegramu alivyopunguza maneno kwa kuwa kila neno lililipiwa. Taipureta zimekwisha kuondoka, lakini amri zake fupi zimebaki, kama majina ya mitaa yanavyobaki baada ya waliopewa mitaa hiyo kufariki.

Mwaka huo huo, tarehe 29 Oktoba, kompyuta mbili za Marekani, moja ikiwa Los Angeles na nyingine Stanford, ziliunganishwa katika mtandao ambao baadaye ulizaa intaneti. Ujumbe wa kwanza haukuwa salamu wala habari. Ulikuwa neno LOGIN, yaani kuomba kuingia katika mashine ya mbali ili kuiamuru. Herufi L na O zilifika, kisha mashine ikasimama. Kiasi cha saa moja baadaye walijaribu tena wakafaulu. Hivyo hapo mwanzo kabisa, kabla ya barua, picha wala biashara, mtandao ulitumiwa kwa kazi hii tunayoieleza.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa rafiki waweza kufunguliwa na mwizi. Kwa miaka mingi maneno ya siri ya watumiaji yalisafiri wazi katika mtandao, na mwenye hila aliweza kuyadaka njiani. Mwaka 1995, baada ya udukuzi wa namna hiyo katika mtandao wa chuo kikuu chake, Tatu Ylönen wa Helsinki, Finland, alitunga njia ya kuficha mazungumzo yote kati ya mtu na mashine, iitwayo SSH. Tangu hapo amri ya mbali ikawa na kufuli na ufunguo. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Tim Berners-Lee alikuwa amekwisha tunga kivinjari cha kwanza, yaani programu ya kusomea kurasa za intaneti. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba siku moja kivinjari na ganda vitaishi nyumba moja.

Vilikutanishwa na jambo liitwalo wingu. Wingu hili halina mvua. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, ambayo wenyewe huzikodisha kwa saa au kwa dakika kwa mtu yeyote duniani awezaye kulipa. Mkodishaji haoni mashine yake wala haigusi. Huipata kwa amri, huitumia kwa amri, na kwa amri huirudisha. Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha kompyuta kwa njia hiyo mwezi wa Agosti 2006. Vijana wa Afrika wangefaa kujua kwamba kazi ya kutunga huduma hiyo, iitwayo EC2, ilifanywa kwa sehemu kubwa mjini Cape Town, na kundi la wahandisi lililoongozwa na Chris Pinkham. Jambo lililobadili kazi ya kompyuta duniani lilitengenezwa katika ncha ya kusini ya bara letu.

Hata hivyo mwenye kukodi mashine za wingu bado alihitaji kompyuta nzuri mkononi mwake. Ilimpasa aipakie programu maalumu, azipange, na ahifadhi funguo humo. Kompyuta hiyo ikiharibika, au akisafiri bila hiyo, alikuwa kama nahodha aliyeacha dira nyumbani. Ndipo wenye wingu walipobuni dirisha la amri ndani ya kivinjari. Google ililitoa mwaka 2015, Microsoft mwaka 2017, na Amazon mwezi wa Desemba 2020. Mtumiaji hufungua kivinjari, hujitambulisha, hubonyeza alama ndogo, na mara dirisha hujitokeza likingoja neno lake. Nyuma ya dirisha hilo ameazimwa kompyuta ndogo ya muda, ambayo iko katika wingu lenyewe, na programu zote zihitajiwazo zimekwisha wekwa ndani yake. Chombo kilicho mkononi hakifanyi kazi ya maana isipokuwa kupeleka herufi na kuonyesha majibu. Kompyuta kuukuu ya maktaba, simu ya mkononi, au mashine ya rafiki, zote zafaa sawasawa.

Nyumba hiyo ya kuazima ina masharti yake. Ile ya Google humpa mtumiaji nafasi ya gigabaiti 5 ya kuweka faili zake, na ile ya Amazon gigabaiti 1. Vyote vingine huondoka dirisha lifungwapo. Dirisha la Microsoft hujifunga baada ya dakika 20 bila neno. Mtu asiporudi kwa siku 120, Google huifuta hata ile nafasi aliyopewa. Ni kama kitanda cha nyumba ya wageni: ukilala humo kinakufaa, lakini ukutani hupigilii msumari.

Mtu aweza kuuliza kwa nini, katika zama za picha na vitufe, watu warudie kuandika maneno. Jibu ni kwamba neno lililoandikwa ni jepesi, lapita hata penye mtandao dhaifu. Tena ni wazi, kwa kuwa lataja jambo linalotakiwa pasipo fumbo. Tena laweza kuhifadhiwa, likapelekewa mwenzako aliye Kampala au Maskati, naye akalirudia vile vile bila kupotoka. Kitufe hubonyezwa kikasahauliwa, lakini amri iliyoandikwa hubaki kuwa ushahidi wa kazi iliyofanyika.

Sasa turudi pwani yetu, tuone jinsi njia ya amri hiyo ilivyotengenezwa. Watu wa Kwale walianza kuamuru mashine za mbali kabla ya kusikia habari ya wingu. Mwezi wa Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-PESA. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2015, mashine zilizotunza hesabu za huduma hiyo zilikuwa Ujerumani, kisha zikahamishiwa Kenya. Basi mchuuzi wa samaki aliyesimama sokoni Msambweni na kumpelekea mamaye shilingi mia tano, alipeleka amri hadi Ulaya, ikatiiwa huko, na mama akapata ujumbe kabla mchuuzi hajafunga kapu lake. Ile ile Ujerumani iliyogawana pwani hii na Uingereza mwaka 1886, sasa mashine zilizokuwa huko zilitii vidole vya mchuuzi. Mchuuzi hakujua, wala hakuhitaji kujua. Lakini mwanafunzi wa historia afaa kujua.

Intaneti ya Kenya hapo kwanza ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka 2009 nyaya mbili za baharini, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, zilianza kazi Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Nyaya hizi si za shaba kama ule wa 1890. Ni nyuzi za kioo, na mwanga ndani yake husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa kila sekunde. SEACOM na EASSy zimefika Mombasa na Dar es Salaam pia, na kwa hiyo sehemu yao imelala katika bahari ile ile ya kusini ambayo majahazi ya Vanga yalipita yakiingojea kaskazi.

Nazo mashine za wingu zimesogea karibu. Microsoft ilifungua majumba yake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Tuseme mwanafunzi wa Jego ataka kuweka orodha ya bei za samaki ambayo wavuvi wa Vanga na Shimoni wataweza kuisoma. Akiwa na simu yenye mtandao aweza kufungua dirisha, akaandika mistari michache, na kompyuta iliyo Cape Town ikaamka kumtumikia. Mwaka 1896 mtoto wa pwani alikuwa mwisho wa waya, mahali amri iangukiapo. Leo aweza kuwa mwanzo wake. Hilo ni geuzi kubwa, wala si haki kulidharau.

Lakini mwenye kupewa uwezo hupewa na dhima yake. Dhima ya kwanza ni ya neno lenyewe. Tarehe 28 Februari 2017 mhandisi mmoja wa Amazon alikusudia kuondoa seva chache katika kazi ya kutafuta kosa. Aliandika amri vibaya, na seva nyingi kuliko alizokusudia zikaondoka. Kwa muda wa saa kama nne huduma nyingi za intaneti zilizotegemea majumba ya kampuni hiyo huko Virginia zilikwama. Kampuni yenyewe ilieleza habari hiyo mbele ya watu wote, na ikaongeza vizuizi ili kosa kama hilo lisirudi. Hapa twaona tena ile nafasi kati ya neno na tendo, ambayo telegrafu iliipunguza mwaka 1896. Dirisha la amri limeifanya kuwa ndogo zaidi. Amri ya rm haina desturi ya kuuliza kama una hakika. Maji yakimwagika hayazoleki, na mtu mwenye busara husoma amri yake mara mbili kabla ya kuituma.

Dhima ya pili ni ya ufunguo. Zamani aliyetaka kutoa amri kwa jina la Diwani alihitaji siwa, na siwa ilikuwa moja, ikatunzwa na watu maalumu. Leo siwa ni neno la siri. Kwa kuwa dirisha lafunguka katika chombo chochote, mwizi mwenye neno lako la siri aweza kulifungua katika chombo chake, akaamuru kwa jina lako, na hesabu ya malipo ikaja kwako. Urahisi umfaao mwenye mali humfaa na mwivi vile vile.

Dhima ya tatu ni ya kujua njia ni ya nani na mashine ni za nani. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kaskazini ya Durban, na watu wa Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine wakapata shida ya intaneti kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo mashine iliyo Cape Town ni nzima, na amri iliyo Jego ni sahihi, lakini kati yao hakuna njia. Na hata njia ikiwa nzima, mashine ni ya kukodi. Mwenye nyumba aweza kupandisha kodi, kubadili masharti, au kufunga mlango. Mashine iliyosahauliwa ikiwaka huendelea kudai pesa usiku na mchana. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbacha wetu katika jambo hili ni elimu yetu, kumbukumbu tulizojiwekea nakala nyumbani, na mashine chache tunazozimiliki wenyewe.

Wako watakaosema kwamba, kwa kuwa mashine si zetu, kuziamuru ni utumwa wa namna mpya. Neno hilo lina sehemu ya kweli, lakini halitoshi. Mkulima aliyekodi shamba si mtumwa, akiujua mkataba wake na akiwa na jembe lake. Huwa katika hatari alimapo bila kujua mkataba umesema nini. Watu wa Vanga mwaka 1886 hawakuulizwa, wala hawakuwa na njia ya kusoma yaliyoandikwa juu yao. Kijana wa leo aweza kusoma masharti, aweza kujifunza lugha ya ganda, na aweza kuandika amri kwa mkono wake mwenyewe. Asipojifunza, amri zitaendelea kupita baharini mbele ya nyumba yake usiku na mchana, kama zilivyopita mbele ya babu zake, na yeye atasikia habari zake baada ya kutekelezwa.

Kwa hiyo kila aketiye mbele ya dirisha hilo, kabla ya kukipiga kitufe cha mwisho, na ajiulize maswali matatu ambayo historia ya pwani imetuachia. Amri hii yapita katika njia ya nani? Ufunguo wake uko mikononi mwa nani? Na ikitekelezwa, ni nani atakayebeba matokeo yake? Basil Cave aliyajua majibu ya maswali mawili ya kwanza. La tatu lilijibiwa na watu wa Unguja.